Wifi Yangu Aliwatoa Ndama, Mlinzi Akapoteza Jicho

Admin, nifichie jina na kituo ninachofanyia kazi, huku Bunda tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 35, mzaliwa wa Kiriba, nimeolewa na mtu wa Butiama, ila tunaishi hapa Bunda. Kituo chetu kinajaribu kwa ndama chanjo ya ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Nikiwa binti niliona ng'ombe wa baba wakifa na ugonjwa huo, povu puani, mpaka zizi likabaki tupu. Ndiyo maana kazi hii naipenda. Ndama wetu wanakula vizuri, wanalala pakavu, na akizidiwa hata mmoja tunamtoa kwenye jaribio tunamtibu. Tunawachomaga sindano, sikatai, na wengine wanakufaga. Lakini bila hivyo chanjo itapatikanaje?

Mdogo wake mume wangu, wifi yangu ninayeishi naye, alijiunga na kikundi kinachojiita watetezi wa wanyama. Siku moja aliniletea chakula kazini, akarekodi ndama aliyelazwa kwa dawa ya usingizi akitolewa jipu. Akasambaza video akisema tunawatesa mpaka wanakufa. Nikaanza kutukanwa hadi kanisani. Nikamuuliza, "Wifi, si nilikueleza yule ndama anatibiwa?" Akanijibu, "Unatetea ugali wako. Nyie ni wauaji." Jioni hiyohiyo alikula nyama ya mbuzi mezani kwangu na mchuzi akaomba aongezewe.

Haikupita muda likaja kundi lao, mchana kweupe, vitambaa usoni. Wakavunja geti, wakawafukuza ndama nje, eti wamewapa uhuru. Wenzangu walikimbilia ndama. Mlinzi wetu, mzee mpole, alipowazuia akapigwa jiwe la jicho. Mimi nilikuwa dirishani. Aliyerusha ni wifi yangu. Nilimjua kwa sauti, na kitenge alichojifunga ni changu. Ndama wadogo ambao hatujawachanja bado waliishia kwenye malisho yenye kupe, wakaugua ndigana ileile, wakafa. Huo ndio uhuru waliopewa.

Sasa polisi wananiita nitoe maelezo. Mama mkwe amesema, "Mwanangu akifungwa kwa mdomo wako, kwangu usikanyage tena." Mume wangu ananiambia, "Jicho limeshaharibika. Ukimfunga mdogo wangu, litarudi?" Wifi mwenyewe ananipita sebuleni kama hajafanya kitu, na kwenye simu anasifiwa shujaa.

Juzi nilienda kumwona mlinzi nyumbani kwake. Jicho halioni tena. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hukumtambua hata mmoja?" Nikasema naenda kumchemshia maji, nikatoka nje nikalia.

Mtakaokuja kuniita muuaji, nimewazoea, ila kwanza mniambie yule mzee alimtesa mnyama gani. Wengine naombeni ushauri wenu. Nikimtaja napoteza ndoa na nyumba ya watoto wangu. Nikinyamaza, nitamwamkiaje yule mzee akirudi pale getini? Mngekuwa mimi, mngemtaja?