Wani ya Nane

Shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Mashine ya kukamua alizeti iliyopo hapa kwetu Unyambwa nimeinunua kwa jasho langu, na hesabu zake zote nafanya kichwani. Huyu akileta magunia matatu na yule akileta moja, sihitaji cheti kujua nani kalima. Kwa akili hiyohiyo nilitaka kumfungia njia mjukuu wangu.

Mjukuu huyo nimemlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alitaka kwenda chuo kikuu kusomea kilimo. Mimi nilimtaka mashineni, maana ndiye pekee nyumbani anayejua kuisikiliza ikianza kukohoa. Basi nikaapa mbele ya jirani yangu, ambaye naye alikuwa na mjukuu wa kike kidato cha sita: wangu akimshinda wa kwake, aende chuo. Akishindwa, arudi kukamua.

Matokeo yalipotoka alinikuta hapohapo mashineni, nimekaa na jirani.

"Shikamoo babu. Nimepata wani ya nane!"

"Marahaba. Na mwenzio?"

"Thrii ya kumi na tano."

Nikahesabu. Tatu na moja, kumi na tano na nane. Kapigwa huku na huku. Mtoto alifungua mdomo aeleze, nikamkata: "Nyamaza. Nimesikia. Kesho uko mashineni." Mbele ya mgeni mjukuu habishani na babu yake, basi akainamisha kichwa akaondoka. Nami, kwa kuwa sipendi kuonekana na kijicho, nikakamata jogoo wangu mwekundu, nikampa jirani ampelekee mjukuu wake kwa hongera. Jirani naye, kama mimi, hesabu za shule hazijui. Alipokea kwa mikono miwili, kifua mbele.

Asubuhi yake mjukuu alikuja kazini kama nilivyoamuru. Nilidhani atakuwa amenuna. Kumbe amebeba ungo wenye alizeti ambayo haijapepetwa.

"Babu, mteja akileta mzigo, unataka uwe na makapi mengi au machache?"

"Swali gani hilo? Machache."

"Basi baraza la mitihani wanahesabu makapi." Akaanza kuyapanga juu ya gunia. Alama ya A kapi moja, B mawili, C matatu, D manne, E matano, S sita, F saba. "Mimi nina B moja na C mbili. Hesabu."

Nikahesabu. Mawili, matatu, matatu. Nane.

"Mwenzangu ana D mbili na F."

Manne, manne, saba. Kumi na tano. Jasho likaanza kunitoka, na mashine haijawashwa.

"Na hiyo wani?"

"Mzigo safi kuliko yote, babu. Thrii iko nyuma ya wani na tuu."

Nikasema basi, nimeelewa, chuoni nako wanahesabu makapi. Akacheka. "Hapana, babu. Chuoni wanahesabu mbegu." Akafagia makapi, akaweka mbegu. Kule A ni mbegu tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Wanatazama masomo mawili yanayohusika na kozi, na chini ya mbegu nne hawakufungulii mlango. Yeye alikuwa nazo saba. Yule mwenzake mbili na mbili, nne kamili.

"Kwa hiyo naye anaingia?"

"Anaweza kuomba, babu. Ila kozi zenye watu wengi zitamtupa."

Watu waliosoma hawa! Alama zilezile, huku uchache ndio sifa, kule wingi ndio sifa, halafu wanatuita sisi wajinga.

Nilikwenda kwa jirani kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Na yule jogoo?"

"Jogoo ni wako. Nilitoa kwa moyo."

"Afadhali, maana tulimla jana. Firigisi nilimpa binti, kwa ushindi."

Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kututazama.

Mabinti wawili waliomba siku moja, kwa simu moja, wamekaa juu ya magunia yangu. Wa jirani alipata chuo kwa kozi aliyoiweka ya tatu. Wangu alipata kilimo, ile aliyoiweka ya kwanza. Siku jibu lilipokuja nilichinja mwenyewe. Kwangu firigisi haijawahi kuliwa na mtu mwingine, tangu nioe. Nikaitoa kwenye bakuli langu, nikaiweka kwenye sahani yake.

"Babu, hiyo ni yako."

"Kula," nikamwambia, "kabla sijahesabu tena."