Dawa Tatu za Térence

Caritas alikuwa mtu wa Uvira, upande wa Kongo. Alivuka mpaka mwaka 1996 vita vilipofika kwao, mtoto wake Benite mgongoni na cherehani ya mkono kichwani. Bujumbura nako watu walikuwa wanauana, lakini ndiko alikokuwa mumewe, Térence, dereva wa wizara moja kule Kigobe. Walipanga Ngagara, mtaa tunaouita karitiye ya sita, nyumba iliyoshikana na yangu. Ukuta wao ndio ukuta wangu, ndiyo maana naweza kusimulia.

Térence alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwandikia Daonil, kidonge asubuhi na kingine jioni, akamwambia Caritas neno ambalo alilishika kama amri ya kanisa: sukari ni sumu kwa mume wako. Basi sukari ilihama nyumba ile. Chai walikunywa bila sukari wote, hata Benite. Térence akitoka kazini, Caritas alimnusa mdomo kama anayetafuta harufu ya pombe, kumbe anatafuta soda. Sijapata kuona mwanamke aliyemlinda mume namna ile.

Mwanzoni mwa 2001 malaria iliingia kila nyumba. Klorokini ilikuwa haifanyi kitu tena. Térence aliposhikwa na homa alipanga foleni asubuhi nzima kwenye kituo cha afya, katikati ya wamama na watoto waliolala sakafuni. Muuguzi alikuwa amechoka hadi macho yamekuwa mekundu. Alimpa kinini, mara tatu kwa siku, siku saba. Hakumuuliza kama ana dawa nyingine, na Térence hakusema. Kwake yeye alikuwa amekwenda kwa ajili ya malaria. Sukari ilikuwa habari ya daktari mwingine.

Kesho yake kikohozi kilimbana kifua. Akapita Asiatique, mtaa wa maduka, kwenye duka la dawa la Himid, mtu wa familia ya Waomani waliokaa mji huu tangu babu zao. Himid hakuwa daktari, alijua dawa kwa mazoea. Alimsikiliza akikohoa, akampa Bactrim.

Siku mbili zilizofuata Térence hakuweza kula. Kinini ilimjaza masikio kelele, ikamfanya achukie hata harufu ya maharage. Lakini dawa hakuacha hata moja. "Nimekunywa zote," alikuwa akimwambia mkewe, kama mtoto anayeonyesha daftari.

Siku ya pili ya mapigano ya Kinama, mtaa wa jirani ambao waasi walikuwa wameuingia, mchana, Caritas aliniita kupitia ukutani. Nje watu walikuwa wanapita na magodoro kichwani, wanakimbia risasi. Nilimkuta Térence amekaa kitandani, shati limelowa kama aliyenyeshewa. Mikono ilimtetemeka. Alikuwa anamwita Caritas kwa jina la mama yake mzazi.

"Nipe Fanta," alisema.

"Apana, Baba Benite. Fanta itakuua."

"We nipe tu. Mwili unaomba."

"Daktari alikataza!"

Caritas alinigeukia, macho yamejaa machozi. "Mama Lisette, tufanye nini?"

Na mimi, ambaye sijasoma kitu chochote cha dawa, nikajibu kama ninayejua: "Malaria imemupanda ku kichwa. Mupe kinini yake ya saa sita."

Tukampa. Mimi ndiye niliyemshika kidevu. Nyumbani kwangu zilikuwapo chupa tatu za Fanta, zilizobaki kwenye ubatizo wa Lisette. Naziwaza chupa zile kuliko ninavyowaza vita.

Haikupita saa moja akaanguka, mwili ukamkakamaa, mate yakamtoka. Jirani yetu Télesphore alileta gari. Kwenye kizuizi wanajeshi walitukatalia kupita. Walisema barabara ni ya watu wenye silaha tu siku ile. Tulikaa pale karibu masaa matatu, Caritas akimfuta mumewe uso kwa kitenge na kuwasihi kwa Kirundi chake kibovu. Mmoja alitufungulia mwishowe, akatazama pembeni.

Hospitali daktari kijana alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akakimbilia chupa ya maji ya sukari. Huku anatafuta mshipa aliuliza:

"Anakunywa dawa gani?"

"Kinini," Caritas akasema.

"Na ingine?"

"Bactrim. Ya kikohozi."

"Na ingine?"

"Ile ya sukari tu. Ya kila siku."

Daktari alimaliza kwanza kufunga mpira wa maji. Kisha akaeleza polepole. Daonil inashusha sukari mwilini, ndiyo kazi yake. Kinini nayo huishusha. Bactrim inaiongezea Daonil nguvu. Na huyu mtu hajaweka chakula tumboni siku mbili. Kila dawa ilitolewa kwa nia njema, lakini hakuna aliyeziona zote tatu pamoja.

"Akitoka jasho na kutetemeka vile, ni sukari imeisha," alisema. "Ilifaa apewe kitu kitamu palepale, akiwa bado anaweza kumeza. Hata soda."

"Soda?" Caritas akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Soda?" akauliza tena, na mimi nikatoka nje.

Térence alifumbua macho siku ya tatu, lakini hakurudi. Hakujua kufunga vifungo vya shati lake. Alilia mtu akifunga mlango. Aliishi hivyo miezi kumi na minne, Caritas akimlisha kwa kijiko na kushona sare za shule kando ya kitanda, hadi homa ya mapafu ilipomchukua.

Wiki moja baada ya kuzika, nilimsindikiza Asiatique. Alipanga makaratasi ya dawa zote tatu juu ya kaunta ya Himid, mbele ya wateja.

"Bwana Himid, mume wangu alikunywa hizi. Moja ni yako."

Himid alizisoma moja moja. "Mama, sikujua ana nyingine. Hakuniambia."

"Na we hukumuuliza."

Nilidhani atafoka. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya kaunta. "Kweli," akasema. "Sikuuliza. Astaghfirullah." Tangu siku hiyo hakuuza kidonge bila kuuliza mtu anakunywa nini kingine, hata foleni ikinung'unika.

Caritas naye akaanza kuingia nyumba za karitiye. "Toeni dawa zenu zote, mupange ku meza," alikuwa akisema. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia akamalize kwanza kuomboleza. Lakini bibi Scholastique, mgonjwa wa magoti, alimwaga mfuko wake wote. Caritas hakujua Kifaransa kingi. Alilinganisha tu herufi ndogo chini ya majina makubwa. Maboksi mawili yenye majina tofauti yalikuwa dawa ileile ya maumivu, diclofenac, na juu yake bibi alikuwa anakunywa aspirini. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami kwa wiki nzima, na hakumwambia mtu.

"Basi nitupe ipi?" bibi akauliza.

"Mi si daktari. Twende nazo zote kwake, leo."

Daktari alikuta dawa zile zimemchubua tumbo, linavuja damu ndani; bibi alilazwa, akapona.

Siku moja nilijikaza nikamwomba Caritas msamaha kwa ile kinini ya saa sita. Aliacha kushona.

"Mama Lisette, mimi mwenyewe sijajisamehe," alisema. "Unataka nianzie kwako?"

Mwaka 2004 alirudi Uvira na Benite. Tuliagana vizuri, lakini barua hajaandika.