Manowari Niliyoiunda Sebuleni

Mitumba ilipoanza kufurika Songea, nilinunua sokoni boksi la vipande vya mbao vya kuunganisha pambo la manowari ya zamani, ya matanga. Basi nilipokwenda Lusewa kumsalimia baba mkwe, ambaye siku zote aliniona mvivu, baada ya shikamoo akaniuliza siku hizi nashughulika na nini.

"Naunda meli, baba."

"Meli! Ya mbao?"

"Ya mbao. Ina milingoti mitatu na mizinga."

Mzee akanishika mkono kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwake. Ningemweleza vizuri pale pale, lakini utamu wa kusifiwa ulinifunga mdomo. Alipouliza itashushwa lini Ziwa Nyasa, mimi mjinga nikajibu kwamba imebaki kupakwa rangi tu.

Wiki mbili baadaye akashuka kwenye basi na kaka zake watatu, wamevaa makoti ya kanisani, wamekuja kuiona. Nikawakaribisha sebuleni, nikaifunua meli mezani, urefu wake kama mkono wangu. Wakaizunguka, wakahesabu milingoti. Kisha mkwe wangu akatabasamu.

"Mfano tumeuona, mwanangu, ni mzuri sana. Haya, sasa tupeleke kwenye yenyewe."