Aliyeandikwa Mstari wa Chini

Haya yamenitokea mimi, kwa macho yangu mawili, tena mchana na akili zangu zote. Asiyetaka kuamini anywe chai yake aende zake, hatutagombana. Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimelelewa Tanga na bibi aliyekuwa akisikia majini kila kichaka, na nilikuwa nikimcheka.

Ilikuwa Dubai, mtaa wa Mirdif, miaka ya elfu mbili na kidogo. Nilifanya kazi za ndani kwenye vila ya madam mmoja, Mmarekani mweusi, mwalimu. Alikuwa amemleta baba yake akae naye, mtu wa karibu miaka themanini, macho hayaoni na moyo unasuasua. Nilimwita Mzee, na alipojua maana yake alikataa kuitwa jina jingine.

Daktari alisema moyo upasuliwe haraka, la sivyo hamalizi mwaka. Mzee akagoma. Shida ilikuwa dada yake, Lena. Mama yao alipofariki, baba alishindwa kuwalisha, akampeleka Lena kwa watu. Lena ana miaka kumi na mitatu, Mzee ana minne. Mzee akaambiwa dada kaenda kuwa mtoto wa watu wenye uwezo, na hakumwona tena.

"Sipasuliwi mpaka nijue Lena aliishia wapi," alisema. "Nikifia mezani bila kujua, mama yetu nitamwambia nini?"

Madam alibembeleza, akalia, wapi.

Basi tukatafuta. Kulikuwa na mtandao wa kulipia, unafungua kompyuta unaziona kurasa za madaftari ya sensa ya zamani ya Marekani, zimepigwa picha zilivyo, mwandiko wa wino. Kwa kuwa waliamini Lena alipewa jina la hao walezi, ilibidi kupekua nyumba kwa nyumba, wilaya nzima. Madam akiwa kazini, mimi namsomea Mzee kwa Kiingereza changu cha shule: mwenye nyumba, mkewe, watoto mmoja mmoja. Nikimaliza watoto anasema, "Hayupo. Yalla, nyumba nyingine." Hiyo yalla, yaani twende, aliiokota kwa dereva wa madam. Tulikwenda hivyo wiki sita, na huko hospitali siku ya upasuaji inasogezwa tu.

Siku yenyewe ilikuwa Julai, saa sita na kitu, jua la utosi, nje hata paka hakuna. Mzee kasinzia kwenye kiti kando yangu. Nikasikia mlangoni, kule jikoni: "Hodi."

Jamani, nani anapiga hodi Mirdif? Kule watu wanabonyeza kengele. Lakini mtu aliyekulia kwenye hodi, mdomo unatangulia akili. Nikajibu, "Karibu."

Akaja mpaka pale kwenye kompyuta. Msichana mweusi, miaka kumi na tisa hivi, kavaa aproni na sweta zito la sufu, mikono kaikunja, vidole vimenyauka kwa maji ya kufulia. Nikasema huyu ni mfanyakazi mpya wa jirani, Mswahili mwenzangu. Nikamhurumia na hilo sweta, nikadhani kiyoyozi cha kwao kikali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mimi huyo, naitika marahaba kwa mtu aliyemzidi bibi yangu umri. Ningejuaje?

Nikammiminia maji kwenye glasi, yale ya jagi la dawa za Mzee. Akaipokea kwa mikono miwili, hakunywa. Alikuwa akimtazama Mzee, vile unavyomtazama mtoto aliyelala nawe una safari. Kisha akaigeukia kompyuta.

"Dada, mbona kila nyumba unaishia kwa watoto?" Kiswahili cha Tanga kabisa, cha mtaani kwetu.

"Tunamtafuta mtoto," nikasema.

"Soma mpaka chini. Sisi tunaandikwa chini. Rudisha ile nyumba ya jana, ya mwenye kiwanda cha mbao."

Habari ya kiwanda cha mbao nilikuwa sijamsomea hata Mzee; nilimsomea majina tu. Lakini mkono ulikuwa umeshaanza kurudisha kurasa. Mwenye nyumba, mkewe, watoto wanne, na chini yao mstari nilioruka jana: Lena, na jina la ukoo wa Mzee hilohilo, miaka kumi na mitano, mtumishi.

Hebu fikiria. Mimi mtumishi, ninayelala chumba cha nyuma, wiki sita nimewaruka watumishi wenzangu wote.

Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Glasi iko mezani, imejaa, na juu ya maji imeganda barafu, nyembamba kama utando wa maziwa. Julai, Dubai. Nikakimbilia mlango wa jikoni. Umefungwa kwa ufunguo, kwa ndani, kama nilivyoufunga mwenyewe asubuhi.

Niliporudi Mzee alikuwa macho, machozi yanamshuka. "Wewe ulikuwa unaongea lugha yenu," aliniambia. "Yeye alikuwa anakujibu kwa Kiingereza. Kiingereza cha kwetu, cha mama. Ile sauti naijua."

Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake mpaka madam aliporudi. Na niamini, sikuogopa. Nilijiona mdogo tu, kama siku ya kwanza nilipoingia msikiti mkubwa.

Wiki iliyofuata Mzee akapasuliwa, akatoka mzima, alhamdulillahi, akaishi miaka mingine kadhaa. Madam naye, nyumba ikishajulikana, aliandikia ofisi ya kumbukumbu ya kule, ikaja nakala ya cheti cha kifo. Lena alikufa kwa nimonia, katikati ya baridi yao, ana miaka kumi na tisa. Jina la baba: halijulikani. Jina la mama: halijulikani. Aliyetoa maelezo ni mwenye nyumba.

"Miaka sita kawafulia," Mzee alisema, "na hawakumuuliza."

Usiku huo sikulala. Mimi nilikuwa Dubai natunza nyumba ya watu, na Tanga nimemwacha mwanangu kwa msichana niliyemlipa anilelee. Msichana huyo tunamwita Tatu. Tatu binti nani, wa wapi? Miaka miwili, sijui. Asubuhi nikanunua kadi ya simu, nikampigia, nikamuuliza jina la baba yake.

Akasema kwa sauti ndogo, "Kwani nimekosa nini, mama?"

Barafu ile ilinishangaza, lakini swali hili linaniuma mpaka leo. Nawe unayenisikiliza, kama kuna binti anayekufulia na kukupikia, muulize leo jina la baba yake na la mama yake, na kwao ni wapi, uandike mahali. Utaona haya, maana ulipaswa kumuuliza siku ya kwanza. Muulize na haya zako hivyo hivyo.