Kilatini cha Jepchirchir

Jepchirchir ana wimbo mmoja. Wenzake wa kwaya wanajua nyimbo mia mbili na wanaziimba zote nusunusu. Yeye anao huo mmoja tu, na akisimama kuuimba, mtu huweka kikombe cha chai mezani akasahau kukiinua tena. Ni wimbo wa Kilatini. Alifundishwa akiwa darasa la tano, shule ya bweni ya masista kule kwao Keiyo, na sista wa Ayalandi aliyeitwa Assumpta, muhula mmoja wa mvua kubwa ambapo mwalimu wa hesabu alishindwa kuvuka mto. Maana yake hakuambiwa, wala hakuuliza. Siku zile Kilatini hakikuulizwa maana, kiliimbwa.

Huuimba polepole, macho ameyafumba, mikono kifuani. Katikati ya kila ubeti kuna neno linalorudiwa mara tatu, "tyuk, tyuk, tyuk," na hapo huinamisha kichwa, kwa sababu neno likirudiwa mara tatu kanisani kila Mkatoliki anajua anayeitwa ni nani. Ameuimba kwenye harusi tatu na kipaimara kimoja. Ameuimba hapa Birmingham, kwenye misa ya Wakenya, padre akavua miwani akaipangusa. Na miaka sita iliyopita aliuimba kaburini kwa mama yake.

Hapo nisipite mbio. Mama yake alikuwa dobi wa masista, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuwa na tabia ya kuomba vitu. Siku za mwisho hospitalini aliomba kimoja tu: siku ya kumzika, Jepchirchir amwimbie ule wimbo wake. Jepchirchir akapanda ndege, akafika asubuhi ya mazishi macho yamemvimba, akasimama mbele ya umati akaimba mpaka watoto wakanyamaza. Hakuwa amemuuguza mama. Alikuwa huku akiwauguza mama za wenzake, na jambo hilo lilimuuma, bado linamuuma. Wimbo ule ndio kitu pekee alichomfanyia. Akikosa usingizi, huukumbuka, akapata amani.

Kazi yake ni kuhudumia wazee, huu ni mwaka wa kumi na nne. Anakaa mtaa wa Castle Vale, na kila asubuhi hupanda mabasi mawili hadi Moseley, kwenye jumba kuukuu la matofali mekundu lililogeuzwa makao ya wazee. Nusu ya wazee hao ni Waairishi, watu wa Ayalandi, waliokuja wakiwa vijana, wanaume kuchimba barabara na wanawake kuwa manesi. Kwao tarehe kumi na saba Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, ni Krismasi ya pili. Mwaka huu karatasi za kijani zilibandikwa hadi mlango wa choo, mkate wa magadi ukaokwa, na wale ambao daktari hakuwakataza wakapewa wiski, kijiko kikubwa kimoja kwa kila mtu. Mzee Malachy, ana miaka tisini na mmoja, alishikilia kwamba vijiko vya kwao ni vikubwa zaidi.

Sherehe yao haina ratiba. Mtu akimaliza kuimba au kusimulia ana haki ya kumtaja anayefuata, na aliyetajwa hakatai. Kama huna sauti utoe hadithi, kama huna hadithi utoe kitendawili, lakini hutoki bure. Mzee Malachy alitoa hadithi yake ya kila mwaka, ya padre mgeni aliyenunua punda wa mlevi, na punda akawa hapiti baa bila kusimama, padre akiwa juu yake na waumini wakitazama. Mwaka jana punda alisimama baa tatu; mwaka huu zilifika tano. Akamtaja Bi Bridie, nesi mstaafu anayekaa karibu na dirisha, naye akaimba kuhusu kijiji chao kwa sauti nyembamba, safi kabisa. Alipomaliza akainua fimbo, akaielekeza kwa Jepchirchir aliyekuwa amebeba trei ya vikombe.

"Huyu hapa. Miaka yote ananivalisha soksi, sijawahi kuisikia sauti yake."

"Wacheni, niko kazini," Jepchirchir akasema.

Mfanyakazi mwenzake, Gisèle, Mkongomani wa Bukavu ambaye hajawahi kukosa sherehe hata ya mtu asiyemjua, akampokonya trei. "Lete iyo plateau, dada. Wewe wimbe tu. Leo ni fête, hapana kukatala!"

Jepchirchir akafikiri kidogo, akaona kumbe imekaa vizuri. Wazee hawa ni Wakatoliki wa zamani, misa zao za utotoni zilikuwa za Kilatini. Nani angeufaidi wimbo huu kuliko wao? Akawaambia, "Huu ni wimbo wa sala. Wa Kilatini." Mzee Malachy akavua kofia yake ya kijani kwa heshima.

Akafumba macho, akaanza. Alipofika kwenye "tyuk, tyuk, tyuk" akainamisha kichwa kama kawaida, na alipofungua jicho moja akaona mabega ya Bi Bridie yanatikisika na Mzee Malachy ameshatoa leso. Wanalia, akajisemea, maskini, wamekumbuka makwao. Akapunguza mwendo zaidi kwa huruma. Ajabu ni kwamba kadiri alivyopunguza ndivyo mabega yalivyozidi kutikisika, yakawa ya mstari mzima wa viti, na kwenye "tyuk" za pili Mzee Malachy akapiga mkono wa kiti chake cha magurudumu, akaangua kicheko kilichomfanya akohoe. Chumba kizima kikamfuata.

Jepchirchir akakatiza wimbo. "Nimekosea maneno?"

"Hujakosea hata moja, mwanangu," Bi Bridie akajibu, akijifuta machozi. "Ila hicho si Kilatini. Ni Kiairishi. Unatafuta kuku."

"Kuku?"

"Kuku mweusi. Amepotea. Umemuuliza jirani, umemuuliza mwenye baa, halafu umesikia kitu kinalia ndani ya koti la padre. Na hiyo tyuk, tyuk, tyuk..." Bi Bridie akanyoosha mkono kama anayerusha mahindi sakafuni. "Ndivyo tulivyokuwa tukiwaita waje kula."

Mzee Malachy, alipopata pumzi, akasema tangu azaliwe hajaona kuku akitafutwa kwa adabu namna ile, na kwamba kama angekuwa kuku yeye, angetoka kotini mwenyewe. Wakampigia Jepchirchir makofi marefu. Walimpenda siku hiyo kuliko siku zote. Naye akatabasamu lile tabasamu la kazini, akasema anakwenda kuleta taulo.

Gisèle akamfuata hadi chumba cha mashuka, akamkuta ameegemea rafu.

"Gisèle, nilimzika mama yangu na wimbo wa kuku."

Gisèle alijitahidi, Mungu ni shahidi. "Pole, dada. Pole sana kabisa. Hapana kulia..." Uso ukamshinda. "Kuku ndani ya koti ya mon père!" Akajiziba mdomo kwa taulo safi. "Unisamehe. Mungu wangu, unisamehe."

"Toka," Jepchirchir akamwambia, si kwa ubaya.

Alipobaki peke yake picha ikamjia yote: jeneza, shada, parokia nzima imeinamisha vichwa, na yeye mbele yao, mtoto aliyesomeshwa akapelekwa Ulaya, anaita kuku. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama ameomba kitu kimoja maisha yake yote, na hicho nacho amepewa mzaha. Akatoa simu akampigia dada yake mkubwa, Jelagat, aliyebaki nyumbani Keiyo, maana heri amwambie mwenyewe kuliko asikie kwa watu. Walizungumza kwa lugha ya kwao. Mimi nakupa Kiswahili chake.

"Jelagat, nimefanya jambo baya. Ule wimbo niliomwimbia Mama si wa Mungu. Ni wa kuku."

Kule kulisikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini.

"Nani amekwambia?" Jelagat akauliza.

"Nani amenia... Wewe ulijua?"

"Mama ndiye aliyejua. Alimuuliza Sista Assumpta mwaka uleule, wakianika mashuka. Sista akamweleza, wakacheka mpaka shuka likaanguka matopeni, wakalifua upya. Akanikataza nisikwambie. Alisema ukijua hutaimba tena vile, na yeye hajawahi kusikia kitu kitamu kama hicho."

"Na pale hospitalini, alipouomba?"

Jelagat akashusha sauti. "Nilimuuliza. Nikamwambia, Mama, kweli, mazishini? Akaniambia, 'Nyote mtalia siku hiyo. Lazima awepo mmoja wa kucheka, na nataka niwe mimi.'"

Jepchirchir akakaa juu ya kapu la nguo chafu. Alilia, na alicheka, na vyote vilimtoka kwa wakati mmoja bila utaratibu, mpaka Gisèle, ambaye hakuwa amekwenda mbali, akafungua mlango. Wazee wamekataa kuendelea, akasema. Aliyeimba mwisho ni Jepchirchir, ni yeye wa kumtaja anayefuata, na Mzee Malachy anatishia kumrudisha punda.

Jepchirchir akajifuta uso kwa mto wa mtu, akarudi ukumbini na simu mkononi, ameweka sauti kubwa. "Anayefuata ni dada yangu. Yuko Kenya, anapika."

"Mimi?" simu ikasema. "Siwezi kuimba, nina ugali motoni!"

"Aliyetajwa hakatai."

Jelagat akaguna, akaepua sufuria, akaimba. Ulikuwa wimbo uleule, lakini wa mbio, wa kurukaruka, na kila mwisho wa mstari sauti ilipanda kama ya mtu anayemkaripia jirani. Wazee wakaudaka mara moja. Fimbo zikagonga sakafu, Bi Bridie akaongoza, na kwenye "tyuk, tyuk, tyuk" Mzee Malachy akawa anamwaga makombo ya mkate kwenye zulia bila mtu kumzuia. Jepchirchir peke yake hakuimba. Alisogeza simu sikioni, ingawa sauti ilijaa chumba kizima, kwa sababu kupanda kule kwa sauti mwisho wa mstari alikuwa akikujua.

"Nani alikufundisha hivyo?" akauliza ulipokwisha.

"Mama, nani mwingine? Aliuimba kila jioni, wewe ukiwa bweni. Ukija likizo tunanyamaza." Jelagat akacheka. "Na tulipata taabu, nakwambia. Kuku wetu walikuwa hawaji mpaka waitwe kwa Kiairishi."