Kompyuta ya Mama na Kitambaa cha Bibi

Wiki iliyopita kompyuta yangu ya nyumbani, hapa Igoma, iligoma kuwaka sawasawa. Nikaiambia irejeshe mfumo wake wa zamani, ikaenda hadi nusu, ikaniandikia kwamba imeshindikana. Nikarudia, ikashindikana tena. Kazi yangu ndiyo hii, watu wananiletea mashine zao kila siku, kwa hiyo niliona aibu kidogo hata kama hapakuwa na mtu wa kuniona. Kabla ya kutafuta kosa kwenye skrini nikafanya kile ninachofanya siku zote: niliweka kiganja ubavuni mwa kasha lake. Wateja hunicheka, wanasema napima homa. Basi wacheke. Jambo hilo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na baba, mtu ambaye hajawahi kuandika hata jina lake kwenye kompyuta.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, nilipokuwa darasa la tano. Tulikuwa tunakaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi, karibu kabisa na kiwanda cha mafuta ya pamba alichofanyia kazi baba. Harufu ya mashudu ilikuwa ndiyo hewa yetu. King'ora cha kiwanda kikilia saa nane mchana, akina mama wote wa ile safu ya nyumba walikuwa wanaweka maji ya ugali jikoni kwa wakati mmoja. Baba alirudi na ovaroli yake imelowa mafuta, ananawa uani, anakula kimya. Alikuwa fundi wa mota, na alikuwa na tabia ya kugusa vitu kabla ya kuvizungumzia.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akijiendeleza kwa masomo ya likizo ili apate stashahada. Kwa ajili hiyo tulinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, ile ya mezani yenye kasha lililosimama sakafuni na skrini nzito ya mgongo mrefu. Ilikuwa ya kwanza katika safu yetu. Majirani walikuja kuiona, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka bila kuigusa.

Bibi, mama yake mama, alitoka Kisesa kuja kumsaidia mwanawe kazi za nyumbani mpaka amalize masomo. Kwa mila za kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, kwa hiyo alipewa chumba cha uani chenye mlango wake. Baba na bibi hawakutazamana usoni, na wakiwa na neno la kuambiana walilipitisha kwa mama au kwangu. Usidhani walichukiana. Baba akitoka mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na sato wake, aliagiza yule mnono kuliko wote apelekewe bibi.

Bibi alikuwa mfumaji. Mama alisomeshwa kwa fedha za vitambaa alivyofuma na kuuza, tangu darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu, na bibi hakuacha mgeni aondoke bila kuijua habari hiyo. Nyumbani kwetu kila chenye heshima kilivaa kitambaa cha bibi: makochi, redio, meza, hata mtungi wa maji. Alipoiona kompyuta imekaa uchi alishtuka. Akalipima lile kasha kwa uzi, akakaa wiki nzima na sindano yake, akatoa vazi jeupe lenye maua ya manjano, limelingana kila upande, limeacha kitufe cha kuwashia tu. Kwa sababu ya vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaoingia kwa wingi hadi kwenye chai, akalishonea bitana nzito kwa ndani. Mama alifurahi karibu alie.

Tangu hapo mashine ikawa inajizimikia mara moja moja. Tukalaumu umeme, nao ulikuwa umezoea kulaumiwa.

Kosa la kwanza ni langu, nalisema wazi. Nilichomeka flashi ya rafiki yangu yenye gemu la magari, ikaingiza kirusi. Kesho yake mashine ikawaka nusu, ikabaki na skrini ya bluu. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya utafiti ya mama, kazi ya miaka miwili, kuhusu watoto wanaoacha shule wakati wa msimu wa dagaa. Sura mbili za mwanzo alikuwa nazo kwenye karatasi. Zilizobaki zilikuwa humo tu. Chuo kilitaka ripoti Jumatatu, na siku ile ilikuwa Jumamosi. Asiyekabidhi alirudia mwaka, na mwalimu mkuu alikwisha kumwambia mama kwamba ruhusa nyingine hatapata. Mama hakunipiga. Alikaa kwenye kiti akaniangalia, na mimi nikatamani anipige.

Fundi kompyuta aliletwa kutoka Igoma asubuhi ile ile. Kijana mpole, mwenye mkoba wa sidii. Akasema dawa ni kuirudisha mashine kwenye hali yake ya wiki mbili nyuma, na mafaili ya mama hayataguswa. Ila inachukua muda, pengine saa nzima, na isizimwe katikati. Akalikunja lile vazi hadi juu kwa adabu, akafanya yake, mstari wa kijani ukaanza kusogea.

Bibi akaja na michembe ya moto yenye karanga, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa. Akamwambia fundi, "Karibu baba, kula kwanza. Mashine haikimbii." Akaweka sinia, akaona kasha limefunuliwa, akalishusha vazi taratibu, akalinyoosha pembe. Fundi akashukuru, akala. Mstari ulipofika karibu na mwisho, mashine ikazima puu. Akarudia. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake palepale, anafuma, na kila kasha lilipofunuliwa alinyoosha mkono akalifunika, huku akituhimiza tuongeze michembe. Mara tatu ikazima. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo, maana ndani ya nyumba yetu kitu kilichofunikwa ndicho kilichokuwa sawa.

"Mwalimu, diski imechoka," fundi akasema. "Imebaki kufuta kila kitu tuweke upya."

"Na ripoti yangu?"

Fundi akaanza kurudisha sidii zake mkobani. Mama akasema asubiri kwanza, akaingia chumbani akafunga mlango. Fundi akaenda kumalizia kazi nyingine mtaa wa pili.

King'ora kikalia, baba akarudi. Nikamweleza yote, pamoja na flashi. Akapita pembeni ya mkeka huku uso ameuelekeza ukutani, akapitisha kiganja chini ya lile vazi, akakiacha hapo kidogo. Kisha akanikonyeza tutoke uani.

"Mwanangu, ile imechemka," akasema kwa sauti ya chini. "Mota yoyote ukiifunika blanketi ukaipa kazi ya saa nzima, itazima. Inajiokoa."

"Basi nikamwambie bibi atoe kitambaa?"

"Hapana. Wala mama yako usimwambie, leo ana hasira, atamtamkia mama yake neno zito." Akafikiri huku akifuta mikono. "Kamwambie bibi yako kesho baada ya ibada kuna wageni. Kitambaa kimeshika vumbi, na hakuna anayejua kukifua ila yeye mwenyewe."

Nikaenda nikasema. Bibi alifurahi. Akalivua lile vazi kwa mikono yake, akakaa na beseni uani, akalifua kwa sabuni ya mche, akalisuuza kwa buluu, akalianika. Nakumbuka alikuwa anaimba kwa Kisukuma. Huku ndani baba akafungua ubavu wa kasha, akasogeza feni ya mezani hadi karibu, akanituma nikamwite fundi.

Mara ya nne. Mama alitoka chumbani akasimama mlangoni, macho mekundu. Mstari ukafika pale palipotushinda, ukapita. Mashine ikajizima yenyewe na kujiwasha, ikafunguka, na ripoti ilikuwepo, sura zote tano. Mama akakaa sakafuni na gauni lake la kazini. Fundi akatutazama mmoja mmoja akitafuta maelezo, baba akamwambia labda umeme umetulia.

Jumatatu mama alikabidhi ripoti, na mwaka ule akafaulu. Vazi lilipokauka, baba alinituma tena: kamwambie bibi kazi nzuri namna ile haifai kukaa chini karibu na miguu ya watu, iwekwe juu ya kabati la vyombo, wageni waione. Bibi akakubali, akaitengua bitana, akaongeza ua moja katikati. Kompyuta ikabaki uchi, na hakuna aliyeuliza.

Miaka mingi ilipita. Nikasoma, nikawa fundi, nikapata cheti na kiburi chake. Siku ya sherehe yangu ndugu walijaa nyumbani, bibi akiwa kwenye kiti cha mbele, mzee sasa, uzi mapajani. Nikaombwa niseme lililonivutia kwenye kazi hii. Nikaisimulia habari ya ile Jumamosi, na nikaisimulia vizuri, watu wakacheka hadi machozi. Nikamaliza kwa kusema kwamba hakukuwa na diski mbovu wala umeme mbovu, ni kitambaa cha bibi.

Bibi alicheka na wenzake. Halafu akaacha. "Kumbe ni mimi," akasema, kama anaongea na uzi wake. "Nusura nimharibie mwanangu shule."

Baba alinyanyuka akatoka nje. Nilimfuata. Sikukemewa. Alisema tu kwamba lile jambo alikuwa amelifunga, na alijua mimi ninajua kwa nini. Nikarudi kumwomba bibi msamaha, akanipapasa kichwa. "Ng'wana wane, mwanangu, umesema kweli. Kweli haina kosa."

Nyumba za wafanyakazi zimevunjwa, kiwanda kimenyamaza, na ile mashine niliifungua mwenyewe vipande. Hayo siyalilii sana. Ninachokililia ni kwamba baba alirekebisha kitu kimoja bila kuharibu kingine, na mimi, niliyesomea kurekebisha, sikuweza.

Bibi aliishi miaka mitatu tena. Akija kwetu alikaa pale alipoonyeshwa, mikono mapajani. Na kila alipotaka kushika kitu, hata kijiko, hata sufuria la mwanawe, aliuliza kwanza: "Hiki naweza kukigusa?"