Walipokuja Kucheza Kwenye Gofu Letu

Oili chafu ikichanganywa na mchanga chini ya jua la Nachingwea hutoa harufu ya gari lililokufa. Wacheza gofu wa mji wetu hawana nyasi za kijani kuzunguka mashimo yao, jua haliruhusu, kwa hiyo humwaga juu ya mchanga oili iliyokwisha kazi kwenye injini, wakausawazisha kwa gunia mpaka ukalala mweusi na laini. Mahali hapo wanapaita brauni. Ukisoma kijitabu chao cha mashindano, kile chenye karatasi za kung'aa, utaambiwa kwamba yote yalianzia kwenye "uwanja mtupu uliotelekezwa tangu enzi za mradi wa karanga wa wakoloni". Sisi tulikuwa tunaishi kwenye huo utupu, mimi na wadogo zangu wawili. Tulikuwa na majina, tulikuwa na kuku, na mwaka ule tulikuwa na ufuta.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mvua zilizofuata ziliangusha paa la nyumba yetu ya matofali, tukahamia kwenye jiko la udongo lililokuwa nyuma yake. Kuta nne zilizobaki zimesimama watu wote waliziita gofu. Mtu akiulizwa njia alisema, "Nenda mpaka kwa akina Somoe, pale kwenye gofu." Nilikuwa darasa la sita, Hamisi la tatu, Zuhura hajaanza shule. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wetu alikuja kutoka Ruangwa, akakalia kinu cha mama alichokipindua, akatoa hukumu bila hata kunywa maji. "Somoe, nakupa msimu huu mmoja. Ukivuna cha kuwalisha hawa, kaeni. Ukishindwa, Hamisi namchukua mimi, Zuhura ataenda kwa shangazi yenu Lindi, na wewe utatafutiwa mume." Zuhura aliuliza mume ni nini.

Basi tulilima ufuta, mimi na Hamisi, kwa majembe mawili, moja likiwa na mpini uliofungwa kwa waya. Asiyelima ufuta hajui unavyotesa. Unaukata ungali kijani-kijani, unaufunga matita, unayasimamisha yakiegemeana, kisha unasubiri. Vitumba hukauka na kufunguka midomo juu, na tangu hapo mbegu zinashikiliwa na utulivu tu. Mbuzi akipita akagusa tita, umelima bure. Sisi tuliyasimamisha matita yetu ndani ya gofu, kuta zikakinga upepo, na mlangoni tuliweka matawi ya miiba. Kila alfajiri nilichungulia nikasikia vitumba vikipasuka polepole, tik, tik, na nilitembea kwa ncha za vidole kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Zilibaki siku mbili tutandike turubai na kuyakung'uta.

Siku hiyo ikapita pikipiki yenye kipaza sauti. "Wakazi wa jirani, kesho ni siku ya gofu! Ondoeni mbuzi, ng'ombe na watoto kwenye gofu!" Mimi gofu nililolijua ni moja, nyumba ya mama. Watoto niliowajua kwenye gofu ni wawili. Nilielewa kwamba serikali imekuja kutuondoa, na kwamba mjomba amewatuma. Sikulala vizuri, na asubuhi nilisimama mlangoni nikiwa na jembe, Hamisi nyuma yangu na jiwe.

Walikuja wanaume wanane, wamebeba fimbo za kuazimana, wakicheka. Mbele alikuwa katibu wao, mtu wa ofisini mwenye kofia nyeupe.

"Hamuingii," nikasema. "Gofu hili ni la mama yetu."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Jamani, mtoto anadhani tunashindania nyumba yake!" Katibu akafuta machozi. "We binti, gofu ni mchezo. Hilo banda lako nani alitake?"

Nilishusha jembe kwa aibu. Hilo ndilo kosa ninalojilaumia, kwamba nilishusha jembe. Maana hawakuwa wamesogea mbali pale katibu alipopiga mpira wake ukapinda, ukapita juu ya ukuta wetu, ukadondoka katikati ya ufuta.

"Nitakuletea, baba," nikamwambia. "Usiingie, kuna ufuta."

"Usiguse! Mpira hupigwa ulipo. Ndiyo sheria ya mchezo."

Akasogeza miiba kwa fimbo, akaingia. Alipiga mara tatu. Mara ya kwanza matita mawili yalianguka, ya pili akasukuma mengine kwa makalio akitafuta nafasi, ya tatu mpira ukatoka na wenzake wakapiga makofi. Mbegu zilimwagika kwa sauti ndogo kama ya mvua inayoanza. Katibu alipotoka alikuwa na ufuta kwenye soksi. Akaukung'uta mlangoni petu, akaenda zake.

Siku nne nilipepeta udongo kwa ungo wa mama. Tulichokipata hakikufika nusu. Mjomba alikuja, akachungulia gunia, akasema, "Umeshindwa." Nikamwambia sijashindwa, nimeacha shule. Kesho yake nilikuwa kwenye palizi ya mikorosho ya watu, na msimu uliofuata nilikwenda hadi Mbwemkuru kuvuna mahindi kwa ujira wa mahindi. Klabu walinipa kazi ya kuvuta gunia kwenye brauni, nikawaambia walivute wenyewe. Mjomba alirudi mara mbili kumchukua Hamisi, na mara zote mbili alikuta chakula kwenye chungu.

Mashindano nayo yalikua. Mwaka wa kwanza mshindi alipewa mbuzi. Baadaye yakaja mahema, spika kubwa, nyama choma, wageni wenye magari kutoka Lindi na Mtwara, na fulana zenye nembo. Kila mwaka kwenye chakula cha kufungia husimulia kisa cha binti aliyelinda gofu kwa jembe, na kila mwaka wanacheka upya. Shimo la jirani na kwetu wameliita "Shimo la Binti". Kijitabu kimeandika kisa hicho chote, hata miiba imo. Ufuta haumo.

Mwaka huu walileta barua nzuri. Wananiomba niwe mgeni wao, nisimame mlangoni nikiwa na jembe, nipigwe picha. Niliichana nikawashia moto wa chai. Tena wangepiga picha ya nini? Gofu halipo. Hamisi sasa ni fundi, ameezeka kuta zilezile kwa bati, juu yake tumelaza matairi upepo usilibebe. Zuhura anafundisha Ruangwa na likizo hulala chumba alichokuwa akilala mama. Ufuta tunausimamisha uani, ndani ya uzio wenye kufuli.

Jumamosi ya mashindano kitu kiligonga bati, kikabiringika, kikanyamaza. Punde hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa katibu yuleyule, kofia nyeupe ileile au ndugu yake, magoti yamechoka.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana mama alinifunza.

"Marahaba, binti yangu. Mpira wangu umeingia kwako."

"Upo juu, nyuma ya tairi."

"Basi nisaidie kijana aushushe."

"Usiguswe," nikasema. "Mpira hupigwa ulipo. Panda."

Akatazama juu, akanitazama mimi, na nikaona amekumbuka. Ngazi ilikuwa ndani, imeegemea ukuta. Nikafunga mlango, nikarudi kupepeta ufuta wangu.